Sauti ya Shemeji Salim

Alasiri moja ya ujana wangu, mwanangu, haijanitoka kichwani mpaka leo. Nikikusimulia utajua kwa nini siwezi kuja kwenu nikakuona wewe na mkeo mmeketi kochi moja jioni nzima bila neno, nami nikanyamaza. Usinune. Mimi ni mzee, kusema ndiyo kazi iliyonibakia.

Wakati huo nilikuwa nasomea ukatibu mjini, nikikaa kwa dada yangu Rukia huko Magongo, kwenye nyumba ya ghorofa. Mumewe, shemeji Salim, alikuwa mhasibu wa kampuni ya mizigo. Jamaa zetu wa Likoni waliitamani nyumba ile: jokofu, makochi yaliyovishwa vitambaa vyeupe, kabati la vioo lenye vikombe ambavyo hakuna aliyewahi kuvinywea, na televisheni yenye deki ya video. Salim hakuwa mtu mbaya. Hakupiga, hakutukana, hakulala nje. Alikuwa hasemi tu. Akirudi kazini alikuwa na maneno yake machache, yale yale kila siku. "Joto leo." "Maji yamekatika tena?" "Nitolee shati la kesho." Mengine alimwachia msomaji wa habari.

Kazini kwake palikuwa na Mhindi mmoja wa Bengali, naye alimwazima kanda za sinema za kwao. Usidhani ni zile za Kihindi tulizozizoea, za kuimba na kukimbizana bustanini. Hizi hazikuwa na ngoma wala ngumi. Zilionyesha mji wao wa Kalkuta na watu wa kawaida wa maofisini: mume anavaa viatu, anakwenda kazini, mke anaanika nguo, anasimama dirishani, jioni wanakunywa chai. Salim alitazama moja ikamchosha, akaziacha juu ya deki. Rukia ndiye aliyezipenda. Kibengali hakujua hata neno moja, na kanda zenyewe hazikuwa na tafsiri, lakini alisema wale watu anawaelewa.

Basi alasiri hiyo nilirudi mapema. Nilipofika mlangoni nikasikia mume na mke wanazungumza ndani. Sauti ya mume ilikuwa ya Salim, pamoja na kile kikohozi chake kidogo kabla ya kusema, na alikuwa anacheka. Sikuwahi kumsikia Salim akicheka. Nikafurahi, nikapiga hodi, nikaingia. Ndani alikuwemo Rukia peke yake. Televisheni ilikuwa imezimwa sauti, Mbengali mmoja anakula wali, na dada yangu anamsemea. Mwanamume wa kwenye kioo akifungua kinywa, Rukia anatoa sauti ya mumewe. Mwanamke akifungua chake, anatoa yake mwenyewe. Nilimwita, hakugeuka. Mara stima ikapotea, kioo kikawa cheusi, na yule Salim asiyekuwepo akaendelea kusema, akimuuliza Rukia kama amekula mchana. Nywele zilinisimama, mwanangu. Niliingia chumbani kwangu nikasoma kila sura niliyoijua.

Tangu hapo nikaanza kumtazama dada yangu wakati wa chakula. Salim akiketi, midomo ya Rukia ilikuwa ikicheza pamoja na yake. "Joto leo," anasema Salim, na Rukia ameshalimaliza neno lile bila sauti. Siku moja alilitamka kabisa, kwa sauti ya Salim, kabla Salim mwenyewe hajafungua kinywa. Salim alinyanyua macho, akatazama feni, akarudi kwenye sahani yake. Hakuuliza kitu. Nadhani hilo ndilo lililonitisha kuliko yote.

Jirani alisikia zile sauti za mchana, akazipeleka mpaka Kisauni kwa mamake Salim. Bi mkubwa huyo akaja na uso umekunjwa. Akasema mwanawe hawezi kuishi na mwanamke aliyepandwa na pepo. Mwezi ukiandama na hali bado ni hii, Rukia atapewa talaka yake, arudi kwao. Alisema haya mbele ya Salim. Salim akasema maji yamekatika tena.

Kesho yake nilivuka feri nikaenda Timbwani kumwita nyanya yetu, Bi Mwanakombo. Ujanani alikuwa akihudhuria sana mambo ya kupunga pepo, kwa hivyo sote tulimtarajia aje na ubani na chetezo. Alikuja na mkoba mtupu. Alitaka watu wawili tu waitwe, Salim na mamake, na alitaka kanda iwekwe.

"Nipisha nami niketi nione," alimwambia Rukia. "Wewe fanya kama ufanyavyo kila siku."

Tukaketi wote. Kwenye kioo yule Mbengali alirudi kazini, akavua viatu, mkewe akamletea taulo. Rukia alikohoa kidogo, kisha sauti ya Salim ikatoka kinywani mwake: "Nimekuwaza leo, Rukia. Ulikula mchana, au ulisimama tu dirishani?"

Mama mkwe alishika kifua. "Huyo! Asema kwa sauti ya mwanangu, mwamsikia?"

Salim alikuwa amekauka. Mwanangu, fikiria unasikia sauti yako mwenyewe, haitoki kwako, inasema jambo jema ambalo wewe hukulisema kamwe.

"Kama ni pepo, na aulizwe," alisema Nyanya kwa upole. "Salim, muulize ataka nini."

Salim akasema, "Wataka nini?"

Rukia akageuka. Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku nyingi kumwona akimtazama mumewe usoni. Akajibu kwa sauti yake mwenyewe: "Wamuuliza nani? Mimi au pepo?"

Nyanya ndiye aliyesema, na hakupandisha sauti. "Mjukuu wangu Salim, pepo akimpanda mtu sisi twamkaribisha. Twamfukizia ubani, twampa kahawa na halua, twamuuliza ataka nini, na hakuna amkatizaye mpaka amalize. Huyu mkeo unaye humu ndani usiku na mchana, na hujampa hata nusu ya heshima hiyo. Lau ungesema naye, asingeazima sauti yako."

Mama mkwe hakuridhika. Muda aliouweka aliuacha pale pale, akaondoka. Nyanya naye akavuka kurudi kwake.

Sasa usidhani mambo yalinyooka palepale. Salim alijitahidi, masikini. Akawa akiingia anauliza, "Umeshindaje? Umekula? Leo umefanya nini?" Aliyasema kwa mpango ule ule kila jioni, na hazikupita siku nyingi nikaona midomo ya Rukia imeshayajua na hayo. Ilikuwa ikimtangulia Salim tena, "umeshindaje, umekula," na macho ya dada yangu yako mbali. Mimi nilikata tamaa. Nilianza kumkunjia dada yangu nguo zake, kwa maana mwezi ulikuwa u karibu kuandama.

Kisha ikaja magharibi moja. Salim aliingia, akaketi bila kuvua viatu. Rukia alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, midomo imeshaanza. Salim akakohoa. Akasema, "Leo nimetoka kazini mapema. Nimekaa kituoni mpaka sasa hivi. Rukia, naogopa kuingia humu ndani."

Midomo ya dada yangu ikasimama. Ikabaki wazi hivyo hivyo, haina la kutangulia.

"Na mimi naogopa," akasema. "Kila siku naogopa."

Wakalia wote wawili, na mimi nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi. Talaka haikutoka.

Basi nakuusia, mwanangu. Usidhani mkeo ameshiba kwa kuwa humpigi na jokofu limejaa. Sema naye. Wala usimpe maneno ya adabu uliyoyakariri, maana hayo atayajua upesi kama anavyoijua saa ya ukutani. Mpe la kweli, hata likiwa baya, hata likiwa ni hofu yako juu yake, kisha umngoje naye amalize lake. Mtu asiposemeshwa nyumbani kwake hutafuta wa kusema naye, na hutapenda kumjua huyo ni nani.

Mola aweke baina yenu mazungumzo yasiyokwisha, akujaalie ulimi usioona haya mbele ya mkeo, na awazeeshe pamoja, kila mmoja bado hajui mwenzake atasema nini. Amin.