Filimbi Aliyoisikia Baba

Siku ile, mwanangu Adela, naikumbuka mpaka leo kwa sauti ya shoka. Nilikuwa kijana, sijaoa, kijijini kwetu huku Biharamulo, kando ya barabara iendayo Nyakanazi. Lakini ngoja kwanza nikuambie kwa nini nimeikumbuka leo, maana tangu ulipopiga simu jana sina raha.

Ulipiga kwa furaha. "Shikamoo baba. Wakubwa wapya wa wilaya wanapanga ofisi upya. Kitengo cha ulinzi wa mitandao wananipa mimi." Nikaitikia marahaba, nikakuuliza, na Bi Zainabu je, aliyekufundisha kazi? Ukashusha sauti. "Wanamwondoa, baba. Yeye na wenzake wote. Wanasema ni watu wa chama cha upande ule." Nikauliza amekosa nini, ukasema hakuna. Nikakujibu nitafikiri. Sasa nimefikiri.

Najua unanicheka: mzee mwenye simu ya kitochi atajua nini habari za wadukuzi? Kompyuta sizijui, kweli. Ulinzi naujua.

Wakati ule msitu wetu ulikuwa na majambazi wenye bunduki, na kijiji kililindwa na sungusungu. Baba yangu alikuwa mmoja wao. Walikuwa na pinde, mishale na filimbi, na zaidi ya hivyo waliujua msitu, jambazi akiingia huku atatokea wapi. Filimbi ikilia, kila mwanamume anatoka, hata kama yuko mezani. Aliyebaki nyumbani alitengwa na kijiji kizima, hata moto haombi kwa jirani.

Kisha vikaja vyama vingi. Mwenyekiti mpya wa kijiji akasema ulinzi hauwezi kuachwa mikononi mwa wapinzani. Baba na wenzake wakanyang'anywa filimbi mbele ya mkutano, zikapewa vijana walioimba sana kwenye kampeni. Vijana hawakuuliza habari za msitu, na wazee wetu, kwa hasira, hawakuwaambia kitu.

Haukupita muda. Mchana mmoja baba alikuwa anapasua kuni, mimi nazipanga, tukasikia filimbi upande wa msituni. Baba akalisimamisha shoka juu, akasikiliza. Kisha akalishusha kwenye gogo. "Wenye filimbi yao waende," akasema, akaendelea kupasua.

Mimi nilitupa kuni nikakimbia. Njia panda nikawakuta wale vijana wamesimama, wanabishana waelekee wapi. Majambazi walikuwa wameshapita njia ambayo baba angeifunga akiwa amefumba macho. Nilifuata kelele mpaka kwa dada yangu Restituta, shangazi yako. Mumewe, Deusi, alikuwa amelala katikati ya maharage yake, risasi imempata kifuani. Ng'ombe walikuwa wameshaswagwa.

Baada ya mazishi dada alimwendea baba. Hakuwa analia. "Baba, filimbi hukuisikia?"

Baba akasema, "Niliisikia, mwanangu."

Mwenyekiti alikuwa palepale, naye akaangalia chini. Mzee Kasimbazi, mkubwa wa ukoo wetu, akawatazama wote wawili. "Jambazi hakuuliza Deusi ni wa chama gani," akasema. "Ninyi ndio mliouliza."

Baba aliishi miaka mingi baada ya hapo. Kuni hakupasua tena, nilipasua mimi. Naona uchungu kukusimulia haya, lakini ni heri yaniume mimi kuliko yakuume wewe.

Sasa narudi kwako. Uliniambia mwenyewe kwamba mtambo wenu una habari za wagonjwa, mishahara ya walimu na hati za mashamba, tena umeunganishwa na wa wilaya nyingine hadi taifa, kwamba mdukuzi akipenya huko kwenu ameshaingia nchini. Basi siku atakapopenya mtambo utapiga kelele, na wewe utakuwa umesimama njia panda. Anayezijua njia, Bi Zainabu, atakuwa dukani kwa baba yake pale mjini, anauza khanga, ana kinyongo, na kinyongo chake nakielewa.

Kwa hiyo nisikilize. Waambie wakubwa hao, kwa adabu lakini bila kumung'unya maneno, kwamba Bi Zainabu abaki. Wanaweza kukunyima cheo. Kikose, mwanangu, utakula mihogo yangu. Wakimwondoa tu kwa nguvu zao, usikikalie kiti chake kabla hajakuonyesha kila mahali palipo dhaifu, na pasiwedi zikabadilishwa mkiwa pamoja. Na nenda kwake leo hii. Msalimie, umwombe radhi kwa aibu aliyotendewa, hata kama mkono wako haumo.

Sikudanganyi kwamba itatosha. Wenye vyama nimewaona tangu ujana wangu, wakishaamua hawasikii, na walioondolewa nao hununa wakaona fahari kununa. Katikati yao hufa mtu aliyekuwa anapalilia maharage.

Mungu akulinde, Adela, akupe wakubwa wenye masikio na moyo usiopenda cheo kuliko watu. Na siku filimbi yenu itakapolia, nakuombea Bi Zainabu aziweke chini khanga anazokunja, aje.