Upande Mmoja wa Ubao

Muuza viatu vya mitumba, ambaye soko zima humwita Mama Soli, alijiunga na darasa la Kiingereza akiwa na miaka hamsini na ulimi mkali kama wembe. Siku mwalimu alipojaza ubaoni maneno ya kupandisha bei upande huu na ya kushusha upande ule, Mama Soli alinakili ya kupandisha tu, akafunga daftari.

"Na haya mengine, mama?"

"Hayo wateja wanazaliwa nayo."

Jumamosi mwalimu akatokea kibandani kwake, kiatu chake kikicheka mbele. Aliposikia bei akashika kiuno. "Mama, mimi ni mwalimu wako. Nipunguzie basi."

Mama Soli akamkabidhi daftari. "Tafuta humu neno la kupunguza, mwalimu. Ukiliona, nitapunguza."