Kambare wa Jaruba la Chini

Ngassa alikuwa mtu wa haya. Kwenye mikutano ya kijiji chao, nje kidogo ya Ushirombo, alikaa nyuma na kuondoka bila kusema neno. Kwa hiyo alipomwomba mkewe Zipora jaruba moja la mpunga ili achimbe bwawa la kambare, Zipora alishangaa. Alikubali kwa sharti: samaki wakipotea, bwawa linafukiwa, mpunga unarudi.

Ngassa akachimba, akapandisha kingo kama alivyozoea tangu utotoni, chini ya goti, kingo za jaruba. Aliwaza kuzuia maji tu.

Kiangazi chote kambare walinenepa, sharubu ndefu, ngozi isiyo na magamba, wakipanda juu kuvuta hewa na kuzama tena. Mvua ya kwanza ilianza mchana, ikanyesha hadi giza. Asubuhi bwawa lilikuwa kimya, hakuna kambare hata mmoja aliyepanda kuvuta hewa. Kwenye tope la ukingo palikuwa na michirizi, kama mtu amepita akiburuta fimbo.

Jirani yake Enock alisimamisha baiskeli, akachungulia. "Bhebhe, we Ngassa, samaki wako nimewakuta stendi, wanaulizia basi la Kahama."

Ngassa alicheka kidogo, akaenda kuchukua jembe ili afukie kama walivyokubaliana. Alikuwa ameshabomoa kipande cha ukingo mkewe alipomwita kutoka jaruba la chini.

"Baba Noela, acha jembe. Njoo, ila uangalie unapokanyaga."

Maji ya mvua yalikuwa yamefunika nyasi, na kambare walikuwemo. Walijiburuta mpaka pale kwa miiba ya mapezi, juu ya majani mabichi, na sasa walikuwa wawili wawili, wakipigapiga mikia. Mayai madogo kama ulezi yalinata kwenye nyasi.

"Wamekuja kuzaa," Ngassa alisema taratibu.

Zipora alichutama kuyatazama. Lile ndilo jaruba alilotaka kupanda wiki ile.

"Fukia bwawa, nitapanda hilo la juu," alisema. "Lakini ule ukingo wako, ulikuwa unafuga samaki au mpunga?"

Mpunga wa jaruba la juu uliposhika, maji ya chini yalikuwa yamejaa vifaranga weusi, na Enock alikuja na ndoo kuomba mbegu ya kambare, safari hii bila utani. Ngassa alimwambia asubiri wakue.

"Na ukingo," aliongeza, akiinua mkono hadi kifuani, "uupandishe mpaka hapa."