Sindano Kabla ya Ulingo

Nakumbuka asubuhi niliyoondoka Mombasa na mfuko mmoja begani, sijui niendako. Nilikuwa bondia wa kulipwa, mwanangu, na mwalimu wangu, Bwana Shee, alikuwa amekataa kunipandisha ulingoni.

Kosa lilikuwa langu. Jicho la kushoto lilikuwa limeingia ukungu kwa ngumi. Daktari alipotupima kabla ya pambano, nilisimama foleni nikiwasikiliza wenzangu wakisoma herufi za ukutani, nikazikariri zote, mimi niliyeacha shule darasa la tano. Nikafaulu. Jioni Bwana Shee akanipa sindano na uzi nishone glavu iliyofumuka.

"Ziba jicho la kulia," akasema.

Nikachomachoma hewa kwa uzi, tundu la sindano silioni, mpaka jasho likanitoka.

"Daktari umemdanganya. Na mimi je, ninayekushikia taulo?"

"Wewe umezeeka, unaogopa."

"Naam, naogopa. Kipofu nitampeleka wapi mimi?"

Basi nikaondoka. Gari, kisha boti. Ilipofika gatini Mtangawanda, kwetu, nikavuta kofia usoni. Nisingeshuka mbele ya watu walionisindikiza kwa vigelegele nilipokwenda Mombasa. Nikaenda mpaka boti ilipokoma, Kiwayu.

Pale gatini Bi Zainabu, mjane mwenye chumba cha kupangisha, akaniuliza, "Wenda wapi, Bwana?"

"Sijui."

"Basi nifuate."

Tulipofika kwake akaniambia niiname, mlango ni mfupi. Nikainama, na bado nikajigonga kwenye mwimo wa kushoto. Akazitazama glavu zilizoning'inia mfukoni mwangu, akacheka. "Bondia mzima, hata mlango humudu kuukwepa?"

"Jicho hili halioni," nikasema. Nililomficha Bwana Shee nilimwambia mtu nisiyemjua.

Hakunihurumia. "Basi taa nitaiweka kulia," akasema, akanitandikia kitanda.

Watu walisema nimekwisha. Sikukubali. Katika ua wa Bi Zainabu nilitundika gunia la makumbi ya nazi nikaanza kufundisha ngumi, na mpaka leo nafundisha. Nawe umeninunia tangu jana, kwa kuwa nilikupa sindano nikauona uzi wako ukilikosa tundu. Nuna. Waandaaji wapige simu, wajomba zako waje wanitukane hapa barazani, sikupandishi ulingoni. Usimfiche ugonjwa anayekushikia taulo. Na wakikwambia huna kazi tena duniani, wakatalie, kama nilivyowakatalia mimi.

Mola akulindie macho yote mawili, mwanangu. Siku utakapotaka kuniambia kweli, mlango wangu u wazi. Inama tu.