Kamba Aliyoiuza Ilario

Harufu ya maharage yaliyopondwa pamoja na dodo, mchicha wetu wa huku, ikikutana na harufu ya maziwa mabichi, mimi huiita harufu ya majina. Wala sitanii. Jumapili iliyopita tulikuwa nyumbani kwa baba, Rebero, tukimpa jina binti wa mdogo wangu, na kwa desturi yetu Wanyarwanda wenye kazi hiyo si wazee, ni watoto. Watoto wa ukoo na wa majirani huketishwa kuzunguka ungo, wakawekewa chakula juu ya majani ya mgomba, wakala kwa mikono mpaka mashavu yakapakaa, wakashushia na maziwa, kisha mmoja mmoja akataja jina analomtakia mchanga. Chakula hicho tunakiita ubunnyano. Mwishoni baba wa mtoto huchagua mwenyewe, lakini kila jina husikilizwa kwa adabu, hata la kipuuzi. Safari hii binti wa jirani alipendekeza Biskuti, na watu wazima wakatikisa vichwa kana kwamba wanalifikiria.

Nilikuwa nimesimama mlangoni na birika la maziwa mkononi. Harufu ile ikaniingia puani, na papo hapo nikajikuta nyumbani kwetu kwa zamani, Kibagabaga, nina miaka tisa, maharage yamenijaa mpaka kwenye nyusi, roho iko juu, kwa sababu nilikuwa na jina ambalo hakuna mwenzangu aliyewahi kulisikia.

Jina lenyewe lilitoka Uhispania. Ngoja nieleze vizuri, maana ukilisikia hivi hivi utadhani tulikuwa watu wa kupanda ndege. Baba alizaliwa na kukulia ukimbizini Karagwe, Tanzania, akasomeshwa na misheni, na sista mmoja Mhispania aliyekuwa akirudi kwao alimwachia kitabu. Kilikuwa hadithi ya kale ya Kihispania iliyotafsiriwa kwa Kiingereza. Jalada lilikuwa limeng'oka na kurasa za mwanzo zimeliwa na mende, kwa hiyo hatukuwahi kujua kinaitwaje wala nani alikiandika. Nyumbani kiliitwa tu Kitabu cha Sista. Familia iliporudi Rwanda, baba alikibeba ndani ya blanketi, pamoja na sufuria.

Baba alikuwa mpima ardhi. Kila jioni alirudi na viatu vyekundu kwa vumbi, akala, akafuta miwani kwa ncha ya shati, akakifungua. Macho yalisoma Kiingereza, mdomo ukatoa Kiswahili. Mimi nilikaa kwenye mkeka mbele ya magoti yake. Na baba hakuwa mtu wa kubanwa na maandishi. Vijiji vya Uhispania kwake vilikuwa na vilima kama vya kwetu, mapadre wao walitoza watu maharage, na divai yote iligeuka urwagwa. Mpaka nilipoanza sekondari niliamini Wahispania ni watu wa pombe ya ndizi, na nikabishana na mwalimu.

Shujaa wa kitabu aliitwa Ilario. Namwita shujaa kwa mazoea tu, maana alikuwa mwizi wa kuku. Alizaliwa kabla ya wakati wake katika kijiji kikavu, mdogo hata mkunga hakumhesabu, akakua kwa njaa, akahama kutoka kwa bwana mmoja hadi mwingine. Alitumikia kinyozi aliyeuza dawa za uongo, akatumikia msuka kamba bahili aliyechanganya katani na majani makavu ili apate faida, akamwuzia mzee mmoja punda wake mwenyewe baada ya kumpaka masizi. Kila alipoponea chupuchupu, jambo la kwanza kumtoka kinywani lilikuwa, "Kuna chakula?" Hapo baba alikuwa akinitazama juu ya miwani, nami ndiye niliyelitamka. Ilikuwa zamu yangu, na Mungu akusaidie kama ungeniwahi.

Sasa sikia. Jioni moja baba alifika pale Ilario alipokamatwa na vyombo vya fedha vya askofu. Hakimu akamhukumu kunyongwa. Wakamvalisha kitanzi mbele ya umati, na umeme ukakatika. Mishumaa ilikuwa imekwisha. Baba akafunga kitabu akasema kesho. Nililala nikiwa na hasira na serikali nzima.

Kesho yake mama alishikwa na uchungu kabla ya wakati. Miezi ya mimba ilikuwa haijatimia. Alipelekwa hospitali, mdogo wangu akazaliwa, na nyumba yetu ikanyamaza. Nyogokuru, mama yake baba, aliyekuwa akiishi nasi, alihamia jikoni na rozari yake, akawa anakoroga uji kwa mkono mmoja na kuhesabu Salamu Maria kwa mwingine. Hakuna aliyeniambia lolote, ila nilikuwa na masikio. Nilimsikia jirani akimwambia Nyogokuru kwamba mtoto wa namna ile huwezi kumpigia hesabu.

Baba alinichukua siku moja nikamwone. Nilimwona kupitia kioo, yumo ndani ya kisanduku cha joto, mwekundu, na mrija puani. Nilikuwa nimetegemea mtoto, nikaonyeshwa kidole gumba chenye kofia. Nilipogonga kioo, nesi akanijia taratibu. "Mutoto iko analala," akasema. "Musimusumbue, arimo gukura." Yaani yumo anakua. Nilimwamini nusu.

Njiani kurudi nilikuwa nimekwisha kuamua. Mdogo, amezaliwa kabla ya wakati, ana njaa, hakuna anayemhesabu: yule alikuwa Ilario. Na kama alikuwa Ilario, basi hatima yake ilikuwa mle kitabuni, kwenye ukurasa ambao umeme ulitukatia. Msinicheke. Akili ya mtoto ikishaunganisha vitu viwili, hata kwa shoka huvitenganishi. Ilario akipona na mdogo wangu atapona. Ilario akifa, sikutaka hata kumalizia.

Jioni ile baba alikaa kwenye kiti chake na viatu vyake, hakuvivua. Alinuka dawa ya hospitali. Nikaenda kabatini, nikaleta Kitabu cha Sista, nikamwekea mapajani.

"Leo sina nguvu, Tesi," akasema.

"Baba, mtoto wetu si ndiye Ilario?"

Akanitazama. "Ndiye Ilario vipi, mwanangu?"

Nikamweleza yote, kwa kituo, kama mtu anayemweleza mjinga jambo lililo wazi. Nikamaliza kwa kuuliza, "Sasa walimnyonga au hawakumnyonga?"

Rozari jikoni ilisimama. Baba alifuta miwani. Aliifuta kwa muda mrefu, upande mmoja, upande wa pili, tena ule wa kwanza. Kisha akafungua pale tulipoacha, akasoma kimya, midomo haitikisiki. Nami nikakamata suruali yake kwa mikono miwili.

Halafu akaanza. Alisema mnyongaji aliivuta kamba, umati ukanyamaza, na mke wa mwokaji mikate akafunika macho. Ilario akasukumwa. Kamba ikalia kwa nguvu, ikakatika! Akaanguka chini kwa matako, akakaa pale mavumbini akishangaa. Hakimu akaiokota kamba, akaikagua, akakuta ndani imejaa majani makavu. "Nani aliyeliuzia gereza takataka hii?" akanguruma. Na Ilario, kitanzi bado shingoni, akainua mkono kwa adabu. "Ni mimi, mheshimiwa. Nilipokuwa kwa msuka kamba." Watu walicheka mpaka wakashikana, hakimu naye akacheka, na kwa kuwa sheria ya mji ule ilikataza mtu kunyongwa mara mbili kwa kosa moja, wakamwacha aende zake. Akasimama, akajipangusa, akautazama umati wote ule.

Baba akanitazama juu ya miwani.

"Kuna chakula?" nikasema. Nililisema nikilia, na kutoka jikoni nikasikia Nyogokuru akipenga makamasi.

Jambo moja nililiona jioni ile, nikaliacha lipite. Baba katika kusimulia kote huko hakufunua ukurasa hata mara moja. Nilidhani ule ni ukurasa mrefu.

Nililala usingizi mzito, usingizi wa mtu aliyekwisha kusoma mwisho. Wiki zile zilizofuata, wakubwa walipotembea na nyuso zao za msiba, mimi niliruka kamba uani, nikiwaonea huruma kwa kutojua kwao. Na kweli, mdogo wangu akaanza kunyonya. Akatolewa mrija, kisha akatolewa kisandukuni. Siku mama alipoingia naye getini Nyogokuru alipiga vigelegele mpaka mbwa wa jirani wakajibu.

Sherehe ya jina ilikuwa imechelewa sana, lakini ungo uliwekwa. Binamu zangu walitaja Manzi, wakataja Shema, wakataja Mugisha. Zamu yangu ilipofika nilisimama kabisa, ingawa hakuna anayesimama.

"Ilario!"

Nyogokuru akanyoosha shingo. "Hiro jina ni ra mtakatifu gani?"

Nilikuwa nimefungua kinywa kumweleza kwamba si mtakatifu, ni mwizi wa kuku, baba akaniwahi. "Yupo, Mama. Wa zamani sana, tena huko Ulaya." Akanikazia macho ambayo kila mtoto anayajua. Nyogokuru akafanya ishara ya msalaba, akatosheka, na mdogo wangu akaitwa Shema, na siku ya ubatizo akaitwa Ilario. Mpaka anafariki, Nyogokuru aliwasha mshumaa kila mwaka kwa heshima ya mwizi yule, na sikuona sababu ya kumharibia.

Miaka imekwenda. Mimi nimekuwa mwandishi, nina vitabu vichache, na ndani yake wamejaa watu wa mjini hapa: mfanyakazi wa ndani wa Nyarutarama anayeonja mvinyo wa tajiri wake, fundi cherehani anayeuza suti moja kwa maharusi wawili. Wasomaji huniuliza kwa nini watu wangu hawafi, kwa nini dakika ya mwisho kamba hukatika. Nami hujibu kwa majivuno kidogo kwamba nililelewa na fasihi ya kale ya Uhispania. Husema kwamba wale mabwana ndio waliothubutu kumweka mwenye njaa mahali pa mfalme, wakamcheka na kumpenda papo hapo, na waandishi wa nchi nyingi wakawafuata, na mkiani kabisa mwa msafara huo nipo mimi, na daftari langu, Kigali. Hilo nimelisema kwenye vyumba vya mikutano, mbele ya watu wenye tai.

Basi Jumapili iliyopita, harufu ile iliponishika, niliweka birika chini, nikaingia chumbani kwa baba kutafuta Kitabu cha Sista. Sikuwahi kukisoma mwenyewe. Nani anasoma hadithi anayoijua kwa moyo? Nilitaka tu kuiona ile kamba kwa macho yangu. Nikaupata ukurasa. Si mrefu, ni mfupi kuliko mingine. Umati unanyamaza, mke wa mwokaji mikate anafunika macho, Ilario anasukumwa. Kamba inashika. Mwandishi anamwombea msamaha kwa Mungu kwa sentensi moja, na kitabu kinakwisha.

Nilikaa kwenye kitanda cha baba, na kitu cha kwanza nilichokisikia kilikuwa hofu, hofu ile ile ya mtoto wa miaka tisa, ikinifikia ikiwa imechelewa. Kama angenisomea kilichoandikwa! Halafu kicheko cha mdogo wangu kikapenya dirishani kutoka uani, kikubwa, cha mtu mwenye kifua, nikashusha pumzi ambayo nadhani baba aliishikilia kwa niaba yangu miaka yote hiyo.

Baba aliingia na fimbo yake. Akaona kitabu kiko wazi wapi.

"Baba, Ilario alinyongwa."

"Huko kwao, ndiyo." Akaketi kando yangu polepole. "Hapa kwetu hapana."

"Ulisoma kwanza. Nilikuona ukisoma. Ulikuwa unajua."

"Nilijua." Akaiweka fimbo sakafuni. "Ulikuwa umenishika suruali, mama. Nikamkumbuka yule msuka kamba, nikasema huyu anaweza kutusaidia."

Mimi kutunga ndiyo kazi yangu; najua siku ngapi huwa nazurura nikitafuta kitu kilichotajwa mapema ambacho kitamwokoa mtu mwishoni. Yeye alikipata na viatu vya vumbi miguuni, mtoto wake yuko nyuma ya kioo, mwingine amemng'ang'ania magotini, naye mwenyewe hajui kama kesho atazika. Alinipa usingizi ambao yeye hakuupata. Hajaandika hata barua ndefu maishani mwake, na vitabu vyangu vyote nimekuwa nikimwiga yeye nikiwashukuru Wahispania. Nilimwegemea begani, nikalia bila aibu.

Mlango ukasukumwa. Mdogo wangu, baba mpya, aliinama ili kichwa kisigonge fremu. Kidevuni alikuwa na maharage, kumbe amekwisha kuwaibia watoto kwenye ungo. Akatutazama, mmoja analia, mwingine anafuta miwani, hakuelewa kitu.

"Kuna chakula?" akauliza.

"Kipo, mwanangu," baba akasema. "Kipo tele. Njoo ukae."