Rangi Isiyochuja Usoni mwa Rahma

Siku ile naikumbuka kwa harufu, mwanangu. Harufu ya mafuta ya nazi, ya liwa iliyosagwa, na ya rangi kali iliyokataa kutoka. Kaa hapa karibu nikusimulie, maana wewe umeingia Guangzhou juzi tu na wanao, leo unapokea wageni wako wa kwanza, na tayari unatembea kama mwenye mji. Sikulaumu. Mimi nilitembea hivyo hivyo, tena kwa mikogo kuliko yako.

Nilikuwa na miaka ishirini na tisa. Nilikuwa nanunua vitambaa na nguo Barabara ya Zhanqian na kuzisafirisha Dar es Salaam, na jina langu lilikuwa limeanza kusikika. Wenye maduka walinijua kwa kitambaa changu cheupe cha mkononi. Sikununua jora hata moja bila kukilowesha kile kitambaa na kuisugua rangi. Ikihamia kwenye kitambaa, hiyo inachuja, nachukua mkoba wangu naondoka. Isipohamia, tunazungumza. Kwa kitambaa hicho nikajiona hakimu wa kila rangi chini ya jua.

Binti yangu Rahma alikuwa na miaka saba. Nilikuwa nimemtoa kwa bibi yake Magomeni mwezi wa nane, nikamwandikisha shule ya mtaani kwetu pamoja na watoto wa Kichina. Miezi miwili mizima hakufungua mdomo darasani. Kuelewa alielewa, kwani nyumbani alinisimulia kila alichosema mwalimu, ila shuleni alikaa kimya kama hayupo. Wenzake walimgusa nywele, wakacheka, wakaenda zao. Iliniuma, nisikufiche. Mimi ndiye niliyemwondoa mahali alipokuwa akipiga domo mchana kutwa.

Halafu ikaja ile Halloween, sikukuu ya Kizungu ya mwisho wa mwezi wa kumi, watoto wa mtaa mzima wakawa hawana habari nyingine ila kuvaa mavazi ya ajabu na kupakwa nyuso. Rahma akachora kadi saba zenye maboga. Mwalimu akamsaidia kuandika maneno: njooni kwetu Jumamosi saa kumi, mama yangu atawapaka nyuso. Akazigawa mwenyewe, kimya kimya, dawati kwa dawati. Jioni alikuja mbio mpaka kiatu kimoja kikabaki kwenye ngazi.

"Mama, wamekubali! Wote saba wanakuja!"

Nilimkumbatia. Nilijua hii ndiyo nafasi yake. Ikiharibika atajifungia tena, na sikuwa na uhakika kama nitaweza kumtoa mara ya pili.

Tulikaa nyumba moja na Bi Zuhura, mtu mzima wa Unguja aliyekuwa akinunua mikoba kule soko la Shiling. Kabla ya biashara alikuwa mpambaji wa maharusi, na hata ugenini hakuachana na mkoba wake wa liwa, ule mti wa kunukia wa kusaga, pamoja na unga wa dalia na wanja. Nilipomweleza habari ya sherehe alinitazama juu ya miwani.

"Mashetani na mafuvu humu ndani mie sitaki," akasema. "Lakini paka, chui, vipepeo, haya. Watoto ni watoto. Rangi utapata wapi?"

"Bi Zuhura, mimi na rangi?" nikajibu. Nikacheka. Ungenisikia nilivyocheka, mwanangu, ungenizaba kibao.

Ijumaa nikaenda soko la vifaa vya sherehe. Laoban, yaani mwenye duka, alinitolea kisanduku cha rangi laini za kupaka usoni. Nikatoa kitambaa changu, nikakilowesha, nikasugua. Upande mzima wa kitambaa ukageuka rangi ya chungwa. Nikamsukumia kisanduku chake. Pembeni kulikuwa na vikopo vidogo vya rangi nyingine, ya njano na nyeusi. Nikasugua doa lililokaukia kwenye kifuniko cha kimoja kwa upande wa pili wa kitambaa, ukabaki mweupe. Nikasema hivi ndivyo ninavyotaka. Laoban akajigusa shavu, akatikisa kichwa, akanyoosha kidole kwenye vinyago vya plastiki vilivyoning'inia ukutani. Mimi nikamwona mjanja. Nikasema moyoni, huyu anataka kunitupia rangi yake inayochuja abaki na hii nzuri. Nikavibeba vikopo vyangu na kutoka kifua mbele.

Umeshaona kosa langu? Mie sikuliona. Rangi ile ilikuwa ya vinyago vya plastiki, nami nilikuwa nimechagua rangi ya uso wa mtoto kwa kipimo cha khanga.

Jumamosi baada ya chakula cha mchana nilimkalisha Rahma kwenye kiti karibu na dirisha. Nilitaka awe chui kabla ya wageni kufika, ili wenzake wakiingia tu wamwone na kupiga kelele. Kwa lugha yetu ya sokoni, nilimfanya sampuli. Bi Zuhura alikuwa anakunja nguo.

"Umejaribu kwenye ngozi yako kwanza, Mwajuma?"

"Nimejaribu kwenye kitambaa, Bi Zuhura. Haichuji hata kidogo."

Aliendelea kukunja nguo. Nikapaka shavu la kushoto njano, nikapanda kwenye paji la uso, nikaanza madoa meusi. Ilipendeza, kusema kweli. Mara Rahma akasema, "Mama, inawasha."

"Tulia, inakauka."

Hayo maneno mawili, mwanangu, ndiyo ninayoyajutia kuliko rangi yenyewe. Mtoto aliniambia la kwake, nami nikamjibu la kwangu. Akatulia, maskini, mikono imeshika kiti, mpaka machozi yakaanza kumtoka kwenye jicho la kushoto peke yake. Nikachukua kitambaa na maji nimfute. Haikutoka. Nikatia sabuni. Haikutoka. Haikuchuja hata kidogo, kama nilivyojisifu.

Bi Zuhura alinisogeza kwa kiwiko. Akachota mafuta ya nazi kiganjani, akampaka mtoto taratibu, akafuta kwa pamba, akapaka tena, akafuta tena. Alifanya hivyo muda mrefu bila kunitazama. Rangi ikaanza kuachia vipande vipande, na chini yake ngozi ilikuwa imevimba na kuwa nyekundu. Alipomaliza kumwosha kwa maji mengi ndipo akanigeukia.

"Mtoto si jora, Mwajuma. Jora haliwashwi. Jora halikuambii kitu. Huyu kakwambia, nawe ukamwambia atulie. Mkono wako umekosa nini hata usiujaribu kwanza?"

Nililia pale pale, mtu mzima mwenye jina Zhanqian nzima. Saa ilikuwa tisa na robo. Nikasema nashuka kuwaambia wazazi sherehe imevunjika.

"Usivunje," akasema Rahma.

Nikageuka. Uso wake unang'aa mafuta, upande mmoja umevimba, lakini macho makavu. Akanyoosha vidole vyake. Vilikuwa na rangi ya zambarau iliyoiva, ya lile tunda la joka alilokula baada ya chakula, lile lenye nyama nyekundu. "Hii haiwashi, Mama. Kila siku inanipaka mpaka mdomoni."

Bi Zuhura alicheka mpaka miwani ikateleza. Akaenda chumbani, akarudi na mkoba wake wa maharusi na kijiwe cha kusagia. Akasaga liwa kwa marashi. Akakoroga dalia, ikawa njano safi. Akatoa wanja aliousaga mwenyewe. Rahma akaponda tunda la joka kwenye bakuli na kulichuja kwa chujio la chai. Na mimi? Mimi nilikunja mikono ya gauni nikawa ubao. Kila rangi ilianzia kwenye mkono wangu, kisha shingoni, kisha nikapakwa uso mzima, masharubu ya paka na pua nyekundu. Tukakaa tunasubiri kama ngozi italalamika. Ilipogonga saa kumi kasoro dakika tano, haikuwa imelalamika.

Wageni walipobisha, mlango ulifunguliwa na paka mwenye umri wa miaka ishirini na tisa. Watoto walipiga ukelele uliosikika ghorofa zote. Mmoja wao, Lili, aliletwa na mama yake, jirani yetu wa chini; nikamwita mama huyo, nikamwonyesha shavu la Rahma na vile vikopo, nikamweleza kwa Kichina changu cha sokoni kila nilichokosea. Nilitegemea atawachukua watoto aondoke. Alimgusa Rahma kidevu, akanusa liwa, akakunja mkono wa sweta yake mwenyewe na kuunyoosha ili naye ajaribiwe. Sitamsahau mwanamke yule.

Sasa sikiliza lililofuata. Rahma hakuweza kupakwa kitu siku ile, ngozi yake ilihitaji kupumzika. Yeye peke yake ndiye angebaki na uso mtupu. Nilikuwa nahofia atajificha jikoni. Badala yake akachukua brashi, akapanda kwenye kiti kile kile alichokalia akilia, na watoto saba wakamvamia, kila mmoja anatanguliza uso.

"Deng yi xia!" akawafokea. Subirini!

Wote saba wakasimama pale pale. Lilikuwa neno lake la kwanza mbele yao, na alilitoa kwa sauti ya mwalimu mkuu. Lili akafungua mdomo wazi, akawageukia wenzake, akasema, "Kumbe anaongea!" Rahma akaendelea, sasa hazuiliki. Mkono kwanza. Wewe hapa. Wewe usisukume. Ikiwasha sema, ukinyamaza sikupaki. Akapaka doa kwenye kila kifundo cha mkono, akawasubirisha, akawauliza mmoja mmoja, ndipo akaanza nyuso. Chui wawili, vipepeo watatu, paka mmoja, na mtoto mmoja aliyetaka kuwa boga akawa boga. Walipotoka kuzunguka mlango kwa mlango kuomba peremende, mbele yao alitangulia msichana mwenye shavu lililovimba, akipiga kelele kuliko wote.

Nilisimama kwenye ngazi na masharubu yangu, nikalia mara ya pili siku hiyo. Safari hii nilijisikia mshindi, ingawa ushindi haukuwa wangu hata kidogo.

Leo Rahma ni mtu mzima, anasoma udaktari hapa hapa mjini. Kila mwaka Halloween ikifika anarudi jengo lile la zamani na bakuli lake la tunda la joka. Mwaka jana nilikwenda naye. Watoto waliojipanga hakuna anayemjua Bi Zuhura, Mungu amrehemu, wala anayenijua mimi. Lakini walipofika mbele ya kiti, hakuna aliyetanguliza uso. Wote walitanguliza mkono.

Kwa hiyo nakwambia, mwanangu, ujuzi wako wa sokoni ni mzuri, lakini usiingie nao kila chumba. Kabla ya kumpaka mtu mwingine kitu, iwe rangi, iwe dawa, iwe shauri, kianzie kwenye mkono wako. Mtoto akikwambia kinamwasha, acha ulichoshika umsikilize. Ukikosea usifunge mlango, wafungulie wageni na uso wako huo huo uliochafuka. Na yule uliyemuumiza, mpe brashi, umpishe.

Nenda sasa, wageni wako wanakungoja. Mungu akupe mkono mwepesi na sikio lisilochoka. Wanao wapate wa kuwasubiri na wa kuwaita kwa majina. Na siku wakipaza sauti zao kwa mara ya kwanza katika nchi ya watu, uwe karibu uzisikie. Amin.