Uzi Unaozunguka Pete

Daktari alichora duara kwenye karatasi. "Pete ndiyo hii, babu. Mlango wa moyo wa bibi umelegea, damu inarudi nyuma. Nitaishona pete hapo iukaze."

Mke wangu alisikiliza, pumzi zikimkatika, kama anayechaguliwa mshono wa gauni.

Namna zilikuwa mbili. Ya kwanza, mishono mbalimbali, kila mmoja na fundo lake. Mmoja ukikatika, mingine inashika. Lakini huchukua muda, na muda wote huo moyo umesimamishwa, mashine ndiyo inayosukuma damu. Ya pili, uzi mmoja unazunguka pete yote. Ni ya haraka, ila uzi ukilegea pahali, huweza kulegea wote.

"Kwa umri wa bibi, napendelea uzi mmoja," akasema.

Vidole vyangu vikapotea kwenye tasbihi. Kwetu Mwera sanda hushonwa kwa uzi uliochomolewa kwenye sanda yenyewe, mshono mmoja mrefu, bila fundo. Mke wangu amewashonea sanda wanawake wa kijiji tangu ujana wake. Daktari alisema pete, mimi niliona bafta ya sanda.

"Mtie mafundo," nikasema.

"Kwa nini, babu?"

Nimefundisha watoto dini miaka mingi, kwamba siku ya mtu haitangulii wala haichelewi. Nikaanza upya kuhesabu tasbihi. Mke wangu akanijibia.

"Anaona sanda huyu." Akanigeukia. "Weye umeshona nini maishani zaidi ya kifungo? Mwache kijana wa watu afanye kazi yake." Akamwambia daktari, "Shona unavyojua, mwanangu."

Siku ya upasuaji sikukaa. Nilitoka benchi kwenda msikitini, nikarudi, nikaenda tena. Katika adhuhuri nilisahau nimeswali rakaa ngapi, nikalazimika kusujudu sijda ya kusahau, mimi ninayeifundisha.

Alasiri daktari akaja, kofia ya kazi bado kichwani. "Pete imeshika, babu. Damu hairudi. Moyo unapiga wenyewe."

Nilisema alhamdulillah, miguu ikaendelea kutembea.

Sasa tuko nyumbani. Namshukuru Mungu kila swala, na bado akikohoa jikoni naacha nilichoshika. Amekwisha kunijua. Siku hizi kikohozi kikimjia, hupaza sauti kwanza: "Ni moshi, bwana. Kaa kitako."